Sindano Haiuzwi Bila Ng'ombe

Hilo bango la boksi mnaloliona juu ya kaunta yangu nimeliandika mwenyewe, na sikumwomba mtu maoni. Mwaka wa kumi na tatu huu nauza dawa za mifugo hapa Chala, na cheti changu cha afya ya mifugo kinaning'inia ukutani, kwa hiyo anayetaka kubishana akabishane na cheti. Mtu akija kutaka dawa ya sindano, namuuliza ng'ombe yuko wapi. Akisema yuko nyumbani, namwambia basi nafunga duka twende nikamwone. Akinuna, duka lingine liko kule karibu na stendi, na njia haijafungwa. Najua wananisema kwamba Justina ana roho ngumu. Wangemwona Masalu mwaka juzi wasingesema.

Masalu ni Msukuma, alihamia huku Ufipa na mifugo yake zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akajenga kijiji cha pili kutoka hapa, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Sisi wote tunamwita Baba Shigela, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mtu wa miraba minne, akiingia dukani lazima ainame mlangoni. Alikuwa na ng'ombe arobaini, na kwa kulima na maksai hapakuwa na wa kumfikia. Tulitaniana miaka yote hiyo. Mimi nilimwambia ng'ombe wake wametumalizia majani. Yeye alinijibu kwamba sisi Wafipa tunafukia majani chini ya matuta kama maiti halafu tunayavulia kofia, kwa hiyo bora yaliwe tu. Nilimpenda kama ndugu, lakini hilo nisingemwambia usoni.

Ugonjwa ulimwanzia magotini. Leo goti la kulia, wiki ijayo la kushoto, mwezi unaofuata viganja, halafu unapotea kabisa, halafu unarudi. Miaka mitano alivumilia hivyo, akisema ni baridi yetu ya mwezi wa saba. Baadaye tumbo likaingia. Kuharisha asubuhi, kuharisha jioni, homa za kupanda na kushuka, na nyama za mwilini zikawa zinakwisha. Alizunguka zahanati na hospitali hadi miguu ikachoka. Akatibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akatibiwa minyoo. Virusi vya Ukimwi walipima mara tatu, hakuna. Kifua kikuu walipima, hakuna. Na kwa kuwa hapa ni Rukwa, wapo waliomwambia amerogwa. Hayo maneno yananichefua kuliko kinyesi cha ndama mgonjwa, maana yakishaingia, watu wanaacha kutafuta. Masalu aliuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya matibabu, wakabaki wanne.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana silifichi. Katika kipindi hicho chote Masalu alikuwa akija kwangu siku za mnada kununua OTC, ile antibayotiki ya ng'ombe ya chupa ya kahawia. Nilimpa. Mfugaji ananunua dawa ya mifugo, nimuulize nini? Sikukaa chini nikajiuliza ng'ombe wanne wanamalizaje chupa inayotosha zizi zima, tena karibu kila baada ya miezi miwili. Cheti kiko ukutani na mimi kichwa nimekiweka kabatini.

Mwezi wa kumi, mvua bado hazijaanza, akaja mke wake peke yake. Mama Shigela ni mwanamke mpole, sauti yake ni ya chini hadi unamsogelea ndipo umsikie. Akaomba OTC moja. Nikaishusha. Nikamwekea na sindano, zile nene tunazotumia kwa ng'ombe. Akaitazama, akairudisha taratibu juu ya kaunta.

"Dada Justina, naomba ile nyembamba."

"Nyembamba ya nini? Hiyo itavunjika kwenye ngozi ya ng'ombe."

"Ile ya mwezi ule ilikuwa nyembamba kidogo."

"Mama Shigela, ng'ombe gani huyo mwenye ngozi ya mtoto?"

Aliinamisha uso, na chozi likadondoka pale pale juu ya kaunta, karibu na chupa. Mimi si mwepesi wa kuelewa, lakini siku hiyo nilielewa kabla hajafungua mdomo. Nikairudisha ile chupa rafuni, nikafunga duka mchana kweupe siku ya mnada, nikamkamata mkono tukapanda bodaboda mishikaki, mimi nyuma yake nikifoka njia nzima hadi dereva akaniomba nipunguze.

Nilimkuta Masalu amelala kwenye ngozi nje ya nyumba, juani, na bado amejifunika blanketi. Karibu nipite nikidhani ni nguo zimeanikwa. Akanisalimia vizuri, kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Dada Justina. Umetuletea baraka gani?" Nikamfunua paja. Lilikuwa na mabonge, na moja limeiva usaha.

"Unajidunga dawa ya ng'ombe."

"Inanisaidia."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa pili." Alisema kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Nikijidunga siku nne, kuharisha kunakatika. Siku ya kumi naamka, napalilia. Magoti yananyamaza. Nikiacha, mwezi mmoja tu, vyote vinarudi."

"Na madaktari wote uliowazungukia, ulimwambia nani?"

"Ningewaambia nini, dada? Kwamba nimekuwa ndama?"

Nilimfokea. Sitasema yote niliyosema, maana mengine hayafai. Nilimwambia angekufa na siri yake na Mama Shigela angebaki na chupa. Katikati ya kufoka akaniangalia kwa upole, akasema, "Mwangaluka, Dada Justina. Umetuletea baraka gani?"

Nikamtazama Mama Shigela. Akaniambia kwa ile sauti yake kwamba ndivyo alivyo tangu mwezi uliopita. Jana alimwita Shigela kwa jina la marehemu kaka yake. Juzi alihesabu ng'ombe zizini, wanne tu, mara tatu, na kila mara akapata idadi nyingine. Masalu huyu, aliyekuwa akijua ng'ombe arobaini kwa sura na kwa mama zao.

Hapo hasira iliniishia, ikaingia hofu. Tumbo unaweza kulisubiri. Kichwa kikianza kwenda, unasubiri nini? Nilijua huyu mtu anatutoka, na nilijua dawa iliyouficha ugonjwa machoni pa madaktari ilitoka rafuni kwangu.

Lakini na mimi nimesoma, hata kama ni ya ng'ombe. OTC haitibu uchawi. Haitibu kansa wala uzee wa magoti. OTC inaua bakteria. Kama kila akijidunga anapata nafuu, na kila akiacha anarudi alipokuwa, basi ndani yake kuna bakteria anayepigwa asife, na bakteria huyo mmoja ndiye aliye tumboni, ndiye aliye magotini, na sasa huenda ameshafika kichwani.

"Chupa tupu ziko wapi?" nikauliza.

Mama Shigela alikuwa amezificha nyuma ya ghala la mahindi. Kumi na moja. Nilizitia zote kwenye mfuko wa rambo, na kesho yake tukapanda basi kwenda Sumbawanga.

Pale hospitali tulimpata daktari mmoja anaitwa Felisian, mtaratibu, mwembamba, umri wa kama miaka thelathini na tano. Alipomwona Masalu alisimama kwanza, akasema, "Shikamoo, baba." Hapo nikampa alama moja. Masalu akaanza kueleza habari zake za kawaida, magoti, tumbo, homa, na alipofika penye dawa akaruka kama anavuka mfereji. Sikungoja. Nilimimina chupa zote kumi na moja mezani kwa daktari, juu ya mafaili yake.

"Na hizi ndizo alizojidunga. Mimi ndiye niliyemuuzia. Unaweza kutufokea sasa, halafu ututibu."

Dokta Felisian hakufoka. Aliishika chupa moja, akasoma maandishi, akaiweka. Akazipanga zote kumi na moja mstari mmoja, polepole, na mimi polepole ya watu huwa inanikera, lakini nikajikaza.

"Baba, ukijidunga, kuharisha kunakata siku ya ngapi?"

"Ya nne."

"Magoti yalianza lini, na tumbo lini?"

"Magoti kwanza. Miaka mitano, ndipo tumbo."

"Na kusahau?"

Masalu akasema yeye hasahau. Mama Shigela akatikisa kichwa nyuma yake.

Daktari akavuta kiti karibu. Akatuambia kuna ugonjwa mmoja adimu sana, unaitwa Whipple, jina la daktari aliyeueleza zamani huko. Bakteria wake anapatikana kwenye udongo na maji machafu, watu wengi wanapishana naye wasijue, ila mmoja kati ya wengi sana mwili wake unashindwa kumfukuza. Anajenga kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, chakula kinapita bila kufyonzwa, mtu anakonda huku anakula. Kutoka hapo anasambaa kwenye viungo, kwenye moyo, kwenye ubongo. OTC inampunguza, haimmalizi, na kwenye ubongo haimfikii vizuri.

"Sijawahi kumtibu mgonjwa wake hata mmoja," akasema. "Nimesoma tu. Naweza kuwa nimekosea. Lakini haya maelezo, na hizi chupa, vinanipa sababu ya kutafuta."

Kumbe kumtafuta ni kazi. Lazima Masalu aende Mbeya, apitishiwe mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo, wanyofoe vipande vidogo, vipakwe rangi maalumu na kutazamwa kwa hadubini. Nafasi ikapatikana baada ya siku kumi na sita. Na siku zote hizo, akasema daktari, asiguse antibayotiki yoyote, ya watu wala ya ng'ombe. "Tukimpunguza sasa, tutachukua vipande visivyo naye. Nataka tumkute ndani ya nyumba." Kukitokea hatari, wampigie hapo hapo, usiku au mchana, wasingoje Mbeya.

Siku kumi na sita ni maneno madogo ukiyasema umekaa kwenye kiti. Siku ya sita kuharisha kulikuwa kumerudi kwa nguvu zote. Siku ya tisa simu yangu ikaita, na alikuwa Masalu mwenyewe. Siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Dada Justina, moja tu. Nusu chupa. Niweze kukaa."

"Hapana."

"Siwezi kwenda nje bila kubebwa. Mke wangu ananibeba, dada. Mimi."

"Najua. Hapana. Nampigia daktari sasa hivi, lakini dawa hapana."

"Nikifa kabla ya Mbeya, utasema nini?"

Nilimwambia kunywa maji ya chumvi na sukari kila ukitoka, nitawaletea pakiti zake leo hii, nikakata simu. Halafu nikaingia nyuma ya rafu, nikakaa kwenye gunia la pumba, nikalia. Chupa zilikuwa pale, dazeni mbili nzima, mkono wangu unazifikia. Miaka miwili nilimpa bila kumuuliza swali hata moja, na leo ananibembeleza ndipo namnyima. Nilijichukia pande zote mbili. Daktari aliagiza alazwe siku hiyo hiyo, awekewe maji ya dripu, na dripu hiyo ndiyo iliyomfikisha.

Mbeya alikwenda na Mama Shigela. Walinyofoa vipande sita. Waliporudi tu Sumbawanga, Dokta Felisian akasema hangoji majibu, ubongo hausubiri karatasi. Akaanza kumpa sindano za mshipani, za watu safari hii, kila siku, wiki mbili mfululizo. Siku ya kwanza homa ilipanda mpaka Mama Shigela akaomba padri. Siku ya pili ikashuka. Siku ya tano Masalu akaomba ugali.

Siku ya kumi na mbili nikapigiwa simu nikiwa nampimia mteja dawa ya kuogeshea mbuzi.

"Dada Justina," sauti ya Dokta Felisian, "majibu yametoka. Rangi imeshika kila kipande, zambarau tupu. Na kipimo cha vinasaba tulichotuma Dar kimesema hivyo hivyo. Zile chupa zako zilisema kweli."

Nilimwambia yule mteja achukue dawa aende, tutaonana. Akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, kuna mtu hafi.

Kesho yake nilikuwa wodini. Masalu alikuwa amekaa, ameegemea mto, mashavu bado hayajarudi lakini macho yamerudi. Daktari alikuwa akimpima kumbukumbu. Amwambie leo ni siku gani. Masalu akasema hospitali hakuna siku. Atoe saba kwenye mia moja, tena saba, tena saba. Akatoa mara mbili akachoka. Daktari akaandika kitu, na uso wake haukunipendeza.

"Dokta," nikasema, "unamuuliza maswali ya shule. Muulize ng'ombe zake."

"Wale wanne?"

"Wote."

Masalu akanigeukia. Akafumba macho. "Wa kwanza yule mwekundu wa pembe moja, tuliyetoka naye Shinyanga. Akazaa mweupe wa sikio lililochanika. Mweupe akazaa madume mawili, huyu mwenye baka kifuani, na yule mkorofi aliyekuvunjia uzio wako, Dada Justina, ukanitukana." Akaendelea. Waliouzwa, waliokufa, walioibwa, na mama zao. Daktari aliacha kalamu akawa anahesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaanza upya. Mama Shigela alisimama mguuni mwa kitanda, midomo yake inamfuata mumewe jina kwa jina. Walipofika arobaini alijifunika uso kwa kanga na mabega yakawa yanatikisika. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kupiga makofi, na wodi nzima ikafuata, hata wale wasiojua wanampigia nani.

Baada ya hapo ilikuwa vidonge. Mnajua vidonge gani? Septrini. Asubuhi na jioni, mwaka mzima bila kukosa. Septrini, hii hii ya kila zahanati. Nilicheka hadi nikakasirika. Miaka saba ya mateso na ng'ombe thelathini na sita, na dawa ya kumaliza kazi ilikuwa inapita mbele yetu kila siku, ikingoja mtu aseme ukweli mezani kwa daktari. Mwezi wa nne alipoanza kunenepa akasema sasa amepona, aache. Nilikwenda hadi kwake kumweleza kwa lugha anayoielewa, na hakuacha. Kila mwezi alipanda kwenye mizani yangu ya magunia. Arobaini na saba. Hamsini na tatu. Sitini na moja. Namba zile nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango, na ole wake atakayezifuta.

Mwezi wa kumi na moja Dokta Felisian alimpeleka tena Mbeya wakamwingizia ule mpira mara ya pili. Ukuta wa utumbo ulikuwa safi.

Halafu zikapita wiki nne sijamwona. Mvua zilikuwa zimeanza, kila mtu yuko shambani, duka kimya. Nikiwa nimeinama napanga dawa za kupe, nikasikia mtu anapiga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango na kuguna. Nikainua uso. Masalu, kimo chake chote, kashika kofia mkononi, gumboti zina tope hadi magotini.

"Mwangaluka, Dada Justina. Naomba OTC."

Nawaambia ukweli, niliona yote yanarudi, blanketi, paja, ile simu. Nilitafuta uso wake kama amekonda. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Soma bango."

Akalisoma, taratibu, kwa kidole, kama halijui. "Sindano haiuzwi bila ng'ombe."

"Basi. Ng'ombe yuko wapi?"

"Yuko nje."

Nilitoka. Kwenye nguzo ya veranda yangu lilikuwa limefungwa dume lenye baka kifuani, limelowa, linanuka mvua, na begani lina kidonda kibichi pale nira inapokaa. Nililishika, likanipiga mkia. Kidonda cha kazi hicho. Cha wiki nzima ya kuvuta plau kwenye udongo mzito.

"Umekuja naye kwa gari?"

"Gari ya nini? Tumetembea."

Saa tatu kwa miguu, juu ya tope, na dume mkononi. Nikajifanya nakagua kidonda ili asinione usoni.

"Na nani amelima naye mpaka akamchuna hivi?"

"Mimi," akasema Masalu. "Ekari tatu, na bado naendelea."

Nikaingia ndani, nikashusha chupa ya kahawia, nikamtolea na sindano. Nilimtolea ile nene.